Kanda Arobaini na Moja na Diski Moja

6 Februari

Mdogo wangu Rimoti,

Hujambo, na kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi huku wazima wa kujikongoja. Binti yangu amekuwa wa nne darasani, na sasa anatembea kana kwamba wale watatu wa mbele yake walihama shule. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka, na sufuria tunayokingia ni ileile. Shule imenipa oda ya sketi mia moja na ishirini za marinda, kwa hiyo ukiona mwandiko unapinda ujue vidole vimechoka na sindano.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ipo, lakini Baba naye yupo. Nyumba hii unaijua, ukikohoa chumbani wa jikoni anakwambia pole. Kile kiharusi cha Novemba kilimchukua ulimi na upande mzima wa kulia, lakini masikio kikamwachia, na sasa anasikia kuliko zamani. Nikishika simu ananikodolea macho mdomoni. Kwa hiyo kwenye simu nitakuwa nakwambia "hajambo, anaendelea vizuri," na ya kweli nitakuandikia.

Mkono wa kushoto ndio umekuwa mdomo wake. Anagonga ubao wa kitanda. Mara mbili ni ndiyo, au endelea. Mara moja ni hapana, basi, acha. Hakuna aliyemfundisha. Unakumbuka kule ukumbi wa video, kabla hajaanza kutafsiri filamu, alivyogonga maiki mara mbili na watu wote wakanyamaza? Na mara moja ukitakiwa kusimamisha deki? Ndiyo hiyohiyo. Miaka ishirini na miwili watu wanamwita Spika, mtu aliyesema kwa niaba ya majambazi, mapolisi, mabibi harusi na hata mbwa, leo hawezi kuomba maji. Mimi nimeshalia, wewe lia halafu uendelee kusoma.

Wiki iliyopita aliinyooshea kidole ile deki mbovu iliyo chini ya meza. Nikamuuliza, unataka filamu? Mbili. Nikawasha televisheni, hizi hapa? Moja. Nikamuuliza, zako, zenye sauti yako? Akagonga mbili, halafu mbili, halafu mbili tena, mpaka ikabidi nimshike mkono.

Fundi wa televisheni anasema deki hazitengenezeki tena, vipuri hakuna. Ila anasema ukiwa na diski ya nje, ile ya kuchomeka pembeni, filamu zote zinaingia humo na zinaonekana kwenye televisheni hii tuliyo nayo. Nikafurahi, maana kanda zote arobaini na moja ziko kwako, kwenye lile sanduku la bluu uliloondoka nalo miaka tisa iliyopita ukisema utaziingiza kwenye kompyuta. Bila shaka sasa umeshamaliza kuziingiza. Basi nunua diski, zimimine humo, uilete kwa posta. Sisi huku diski ni hadithi, wewe huko ziko kila duka.

Daktari anasema tumtunze. Ni hayo tu kwa leo.

Dada yako


1 Machi

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ghala, saa ya mapumziko, na nimefanya kama ulivyoniamuru, nimelia kisha nikaendelea kusoma. Mimi mzima. Kifua kinabana asubuhi, mchana kinaachia. Bado nipo ghala la vifurushi. Mkanda unapita mbele yangu na maboksi, nami nina kitu kama bastola cha kusomea lebo, nalenga, kinalia pii, boksi linakwenda zake. Siku nzima pii, pii. Ukinipigia simu nami nikakujibu pii, usishangae.

Sasa hii habari ya diski. Usidhani ni jambo la kukurupuka, Dada. Diski si ndimu useme utaichagua kwa kuibonyeza. Kuna ile yenye sahani inayozunguka ndani, bei yake nzuri na inabeba mengi, lakini ikianguka imekwisha, na najua ile meza yenu mguu mmoja ni mfupi. Kuna isiyo na kinachozunguka, imetulia kama flashi kubwa, haiogopi kuanguka, lakini kwa bei hiyohiyo inabeba robo. Halafu kuna ndogo ya kutia mfukoni, inayonyonya umeme kutoka kwenye televisheni yenyewe, na kubwa yenye waya wake wa ukutani. Televisheni ikiwa na umeme dhaifu pale pembeni, ile ndogo itawaka taa, itagonga tik, tik, na filamu hamuoni. Tena kuna televisheni zinazokataa diski mpaka iwe imefomatiwa, yaani imepangwa ndani, zinavyotaka zenyewe.

Kwa hiyo nisaidie. Nyuma ya televisheni kuna karatasi imebandikwa, ninakilie kila kilichoandikwa. Tundu la USB liko upande gani, na pembeni yake pameandikwa nini? Soketi ya ukutani iko mbali kiasi gani? Umeme unakatika mara ngapi kwa wiki? Maana kukatika ghafla sahani ikiwa inazunguka si kuzuri.

Kazini kuna fundi wa kompyuta, mtu wa kazi kweli, nimemuuliza akanishauri nisiwe na haraka. Terabaiti mbili zinatosha, anasema, lakini kwa nini usichukue nne. Nalifikiria hilo.

Mambo ya kanda niachie mimi. Kwanza diski. Baba mwambie kwamba... hapana, mwambie tu namsalimia.

Mdogo wako


24 Machi

Rimoti,

Shikamoo yangu iko wapi? Umri unanisogelea nawe umeanza kunisahau. Haya, marahaba ya mkopo. Sketi themanini zimekwisha, arobaini zimebaki. Binti yangu ana jino linauma na hataki kung'olewa. Tumekuwa na wagonjwa wawili nyumbani, mmoja hasemi na mwingine hanyamazi.

Majibu yako haya hapa. Nimeigeuza televisheni nikiwa peke yangu, mgongo unanikumbusha mpaka sasa. Karatasi ya nyuma imekwanguka, nusu imeliwa na mende. Tundu liko kushoto ukiitazama, kulia ukiwa nyuma yake. Nimelipima kwa futi yangu ya kushonea, upana ni sentimita moja na kidogo. Pameandikwa 5V, halafu 0.5A. Soketi iko hatua mbili na nusu za kwangu, tatu za Baba alipokuwa akitembea. Umeme unakatika unapotaka. Kuna lingine? Niipime na joto?

Wakati wote naipima, Baba alikuwa ananitazama. Nikamwambia, "Ni ya zile filamu zako, Rimoti anatafuta diski nzuri." Akagonga mbili. Tangu siku hiyo kila asubuhi nikimaliza kumwosha anageuza uso kwenye televisheni, halafu kwangu. Nasema, "Bado, Baba." Analala tena.

Nikupe habari ya kukuchekesha. Yule bwana wa maktaba ya kanda, yule wa miwani iliyofungwa uzi, amefunga duka. Alipita hapa kumjulia Baba hali. Akaniita nje akaniambia anazo kanda thelathini na kitu zenye sauti ya Baba, nakala alizokuwa akikodisha enzi zile, na kwake nafasi hakuna, kama tunazitaka tukazichukue kabla ya mwisho wa wiki. Nikamwambia ahsante sana baba, lakini sisi zetu asilia zipo zote, mdogo wangu ameshazihamisha na zinakuja kwenye diski. Tutajaza nyumba kwa makopo ya nini? Akafurahi, akasema mna bahati kuwa na kijana anayejua kutunza. Akaondoka. Uone ninavyokusifia kwa watu.

Lakini fanya haraka, Rimoti. Sisemi zaidi. Diski yoyote, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa ya rangi ya waridi. Mtu mwenye kiu haulizi kikombe kimetengenezwa wapi.

Dada yako


11 Aprili

Dada, shikamoo, tena shikamoo mara ya pili endapo niliisahau,

Barua yako bado sijaipata, posta wamelala. Naandika tu usije ukadhani nimekaa kimya. Kwangu ni salama. Mwenye nyumba amepaka rangi korido, rangi ya dawa ya meno, na harufu yake inaniingia mpaka ndani ya mkate.

Nimefikia diski mbili. Ya kwanza ndogo, nyeusi, ina ganda la mpira, unaweza kuiangusha kutoka kwenye meza yenye mguu mfupi na isishtuke. Ya pili kubwa, ina waya wake, inasimama wima kama kitabu. Nimekwenda dukani Jumamosi tatu mfululizo. Muuzaji ameshanizoea. Akiniona mlangoni anasema, "Leo?" nami namjibu, "Bado naangalia." Jumamosi iliyopita alinipa kiti.

Wasiwasi wangu ni udumu. Fundi wa kazini anasema diski za kawaida ni miaka mitano, zikitunzwa saba. Mimi nataka itakayokaa na Baba miaka kumi, aitazame mpaka aichoke mwenyewe. Kuna moja ina dhamana ya miaka mitatu na nyingine mitano, nimesimama katikati yao kama mtu aliyeoa wawili. Pia nimesoma kwamba si vizuri kuhifadhi kitu mahali pamoja tu, inabidi nakala mbili, moja ikiharibika nyingine ipo. Hilo ni kweli kabisa, Dada. Laiti watu wangelijua mapema.

Usinihimize kwa jina la Baba. Mwambie nachagua.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Jino limeng'olewa. Sketi zimekwisha na zimelipwa.

Ulipiga simu Jumapili. Miezi mitatu hujapiga, ukapiga Jumapili saa nne asubuhi, hukusalimia, ukaniuliza yule bwana wa maktaba alizipeleka wapi zile kanda. Baba ametandikiwa mkeka pale karibu na mlango, ananitazama mdomoni. Mimi nasema, "Ndiyo, hajambo." Wewe unasema, "Dada, nakuuliza kanda." Mimi nasema, "Amekula uji, amemaliza." Wewe unasema, "Kimbia sasa hivi ukazichukue." Mimi nasema, "Lakini hiyo ni habari ya mwezi wa tatu, mwanangu." Nikasikia unavyopumua, na huko nyuma mashine zinalia pii.

Nilipokata simu Baba akagonga mbili, maana yake endelea, nieleze. Nikamwambia ulikuwa unamsalimia. Kumdanganya mtu asiyeweza kukuuliza swali la pili ni dhambi nzito, Rimoti. Sikujua uzito wake mpaka Jumapili ile.

Nikaenda kwa bwana wa maktaba. Pale kwake sasa wanauza makava ya simu. Nilimkuta nyumbani, akaniambia kanda zote alizitia kwenye magunia mawili akampa mama mmoja mwenye bustani kule bondeni, alizitaka kwa kazi zake. Sijaenda bado. Naogopa kwenda.

Mimi fundi cherehani. Nguo iliyokatwa vibaya naijua kabla haijashonwa. Barua mbili nzima umeniandikia habari ya diski, sahani, ganda la mpira, dhamana, hata rangi ya korido. Kanda umeniambia nikuachie.

Nakuuliza mara moja tu, na unijibu kama tulivyolelewa. Sanduku liko wapi?

Dada yako


23 Mei

Dada, shikamoo.

Diski imo ndani ya kifurushi hiki. Ni ile kubwa yenye waya wake, kwa kuwa televisheni yenu inatoa umeme wa nusu, ndogo isingezunguka. Chomeka waya ukutani kwanza, ngoja taa ya buluu itulie, ndipo uichomeke kwenye televisheni. Ikikuuliza kitu chochote kuhusu kufomati, kataa.

Sanduku halipo. Halipo tangu mwaka wa pili wa kufika kwangu huku.

Mwezi wangu wa kwanza huku nilipeleka kanda mbili kwa mtu anayehamisha, akasema kazi inawezekana, lete zote. Nilirudi na hizo mbili, na zote sikuzipeleka. Kila Jumamosi nilisema Jumamosi ijayo. Si uvivu peke yake, Dada, na hili sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa nimeishiba sauti ile. Tangu nikiwa na miaka minane nimekaa chini ya meza, kidole kwenye deki. Akigonga moja nasimamisha, akigonga mbili naachia. Watu walimpigia makofi yeye, mimi wakaniita Rimoti. Nilipofika huku nikasema acha nikae na ukimya kidogo, kanda hazina miguu, zitanisubiri. Nikaliweka sanduku stoo, chini kabisa ya jengo. Bomba likapasuka. Niliambiwa siku ileile kwamba stoo ina maji, kila mwenye mali yake ashuke. Nilishuka baada ya wiki tatu.

Zilikuwa zimeota ukungu mweupe, zimeshikana. Nikazitupa pamoja na sanduku lake.

Kila nilipopiga simu, Baba aliuliza kitu kimoja, "Zimefika wapi?" Nami nikasema, "Zinakaribia, Baba." Miaka saba zinakaribia. Ninyi mlidhani siji kwa sababu ya kibali na nauli. Nauli ninayo, likizo wananidai niichukue. Uso ndio sina. Tena nikuambie aibu yenyewe, alipopatwa na kiharusi, jambo la pili lililonijia kichwani lilikuwa kwamba sasa hataniuliza tena.

Kisha wewe ukakataa zile za maktaba kwa sababu yangu. Hilo sijui nilifanye nini. Nimelizungusha kichwani siku ishirini na halina mahali pa kushikia.

Majina ya filamu zote nayakumbuka kwa mpangilio. Nimezitafuta, nimepata ishirini na tisa. Zimo humo. Picha zake ni safi mno. Wanasema wenyewe kwa lugha zao. Baba hayumo.

Sijui hata nakuomba nini. Usimwambie. Au mwambie. Sijui.

Mimi


2 Julai

Rimoti,

Kifurushi kilifika tarehe kumi na nne Juni. Barua yako nilikwenda kuisomea nyuma ya tangi la maji. Nilikasirika mpaka meno yakauma, na maneno niliyokuita pale peke yangu sitayarudia kwa kuwa mama yako ni mama yangu. Ningekuwa karibu nawe ningekuzaba kibao mtu mzima wewe.

Kisha nikafikiri. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, nikamsomea Baba barua yako yote, neno kwa neno, mpaka lile la kuishiba sauti yake. Nilisema sitadanganya tena mtu ambaye masikio ndiyo mali yake iliyobaki. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza nikamuuliza, "Umesikia, Baba?" Siku nzima hakugonga kitu. Uji nilimnywesha kwa kubahatisha.

Kesho yake akainyooshea kidole televisheni. Nikafanya ulivyoagiza, waya, taa ya buluu, nikakataa kufomati. Ikashika bila kelele. Diski yako ni nzuri, hilo nakupa. Nikaweka ile ya ndugu wawili walioachana sokoni, aliyokuwa akiipenda. Picha safi kweli, nimeona mpaka kishimo cha ndui kwenye shavu la yule jambazi, ambacho miaka yote sikukijua. Wakaanza kusema kwa lugha yao.

Baba akainua mkono. Akagonga ubao mara mbili, polepole, kama ukumbini. Mimi na binti yangu tukanyamaza. Akafungua kinywa. Rimoti, alitoa kile anachoweza kutoa, mlio mmoja tu, na mate. Akafunga kinywa, akajaribu tena. Jambazi anaongea pale, mama yao anaongea, mbwa anabweka, na yeye anahangaika kuwafuata wote kwa mlio uleule. Nikashindwa kumtazama. Nikasema ngoja nimsaidie, maana hata mimi nilikaa mlangoni kwenye tikiti miaka mingi, maneno yake nayajua. Nikaanza, "Jambazi anamwambia, mzee, nyumba hii ni yangu tangu leo..." Akagonga moja. Nikadhani nimekosea neno, nikaanza upya. Moja. Kwa nguvu, mpaka chupa ya dawa ikaanguka. Nikazima. Diski hatujaiwasha tena. Nimeifunika kitambaa isiingie vumbi, yenye dhamana yake ya miaka mitano.

Jumamosi iliyofuata ndipo nikateremka bondeni. Yule mama wa bustani ni mcheshi, alinikaribisha vizuri. Nikamuuliza kanda. Akacheka, akanionyesha kwa kidevu. Dada yako nilisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Ameng'oa utepe wote. Ameufunga kutoka mti hadi mti juu ya matuta, mistari na mistari, mboga zote zimefunikwa na tepe nyeusi zinazong'aa. Makopo matupu ya kanda amepangia njia. Upepo ukipita, tepe zinatetemeka zote pamoja, na zinatoa sauti, Rimoti. Zinavuma. Si neno, ni mvumo tu, wa chini, mzito. Akaniambia, "Ndege hawasogei hapa. Kanda za nyimbo nilijaribu mwaka jana, hazikufaa kitu, walizizoea." Nikamwambia, "Huyu hata watu wazima walikuwa wakimwogopa." Nikacheka naye. Kisha nikakaa juu ya tuta la watu nikalia, akaniletea maji.

Nyumbani nikamweleza Baba nilichokiona. Akagonga mbili. Nikafikiri anasema ameelewa, lakini akanyoosha kidole mlangoni, kumbe alitaka twende. Nikaazima kiti cha magurudumu cha zahanati, mimi na binti yangu tukamteremsha, kile kijia unakijua, mara mbili nusura tumwage. Tukamweka katikati ya matuta. Upepo haukuwepo. Tulikaa hivyo, jua linapanda, mimi namtazama mama wa bustani naye ananitazama, hakuna la kufanya. Upepo hauitwi. Halafu ukaja. Tepe zote zikaanza. Baba akainua kichwa, akakigeuza huku na huku, kama anavyofanya mtu anayesikia jina lake sokoni. Akagonga mkono wa kiti mara mbili.

Ukatulia. Akagonga mara mbili.

Tumekwenda mara tano sasa. Mama wa bustani anasema mwezi ujao anavuna, na tepe huwa anazichoma maana zikikaa sana zinakatika na kuingia kwenye mboga. Nimemwomba aziache. Amesema ataona.

Sasa zamu yangu, maana nami nina sanduku langu la bluu. Daktari hakusema tumtunze. Mwezi wa kwanza aliniita pembeni akaniambia moyo umechoka, tusihesabu mwaka. Sikukuandikia. Nilisema nikikuambia utakuja mbio kwa hofu, au hutakuja kabisa, na yote mawili sikuyataka. Nilitaka uje kwa kutaka. Kama ningekuambia, usingetafuta ya kudumu miaka kumi. Kama wewe ungeniambia, ningebeba magunia yale mawili kichwani. Nimeacha kupiga hesabu ya nani kamkosea nani, haiishi.

Jana nilimuuliza, "Baba, nimwandikie Rimoti aje?" Mkono ukakaa juu ya ubao muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akagonga.

Mara ngapi, sikuandikii. Njoo umuulize mwenyewe, na tikiti usiichague sana.

Dada yako